Gauni Lililopunguzwa

9 Januari

Wifi Bonge,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitakutukana, na mdogo wako akisikia ninamtukana dada yake atanuna wiki nzima. Kalamu inanipoza kidogo. Kidogo tu.

Tulikwenda hospitali watu watatu, kutafuta wa kumpa mume wangu figo. Mimi damu yangu ilikataa, sawa, hilo halikuwa mikononi mwangu. Ukabaki wewe. Baba mmoja, mama mmoja, damu moja, na hamna ndugu mwingine. Ukaingia kwa daktari wa figo unacheka, ukatoka hucheki, ukachukua mkoba ukasema unakwenda kununua maji. Mpaka leo hayo maji hayajafika. Mlinzi wa getini ndiye aliyetuambia kuwa yule mama mnene amepanda basi.

Mume wangu hakukulaumu. Alisema, "Mwacheni dada. Kukatwa mwili si mchezo, hata mimi naogopa." Halafu akageukia ukutani. Fundi mwashi yule, aliyekuwa anapanda jukwaani na ndoo ya zege huku anapiga mluzi, siku hizi anapumzika katikati ya kufunga kamba za viatu. Siku ya kusafishwa damu analala kwenye mashine mpaka mchana unaisha. Maji anakunywa kwa kile kikombe kidogo binti yetu anachochezea na mwanasesere, ili asizidishe kipimo cha daktari.

Sikuombi kitu. Nakurudishia futi yako ya kupimia nguo, uliisahau kwenye kiti cha daktari. Huenda unaihitaji kazini.

Wifi yako,
Pasi
(Jina ulinipa mwenyewe, ukasema nimenyooka na ninachoma. Leo ninachoma.)


22 Januari

Wifi Pasi,

Futi nimeipata. Umeikunja vizuri. Dobi ni dobi hata akiwa na hasira.

Sina la kujitetea. Andika lolote, nitasoma mpaka mwisho. Huku shule zimefunguliwa na sare zimejaa mpaka kitandani kwangu. Unanijua mimi, nikikaa kwenye cherehani nimekaa. Asubuhi naingia na chai yangu na maandazi, jioni natoka, na katikati hapo kinachotembea ni mguu mmoja tu kwenye pedali. Kiti cha dukani kimelegea kwa ajili yangu.

Ila asubuhi mapema usinipigie, sipatikani. Usiniulize niko wapi.

Mwambie mdogo wangu kwamba dada yake... Basi, msalimie tu. Mwambie ale alichoambiwa ale.

Bonge


17 Februari

Wifi,

Kumbe ndiyo maana asubuhi hupatikani!

Yule baba anayeshusha vifurushi kwenye basi amenipa habari zako bila kuulizwa. Anasema unaingia kila siku kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko, umevaa raba nyekundu, muziki unasikika hadi barabarani. Alichungulia dirishani akakuona umeinua mikono juu, unarukaruka na wenzako, jasho linamwagika, mnapiga kelele. Alifurahi kweli kunisimulia. Anasema hajawahi kukuona umechangamka hivyo.

Mdogo wako anapimiwa maji kwa kikombe cha mwanasesere, wewe uko dansini. Nilimwambia mume wangu nikidhani atakasirika. Akacheka, akasema, "Afadhali mmoja wetu anacheza." Nilitoka nje nikaenda kulia kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka ya watu, nisionekane.

Pasi


8 Machi

Wifi Pasi,

Si dansi. Ingekuwa dansi ningefurahi.

Ni mazoezi ya kuzunguka. Ukumbi wameugawa vituo, na kila kituo kina mateso yake. Hapa kuna kiti, unakaa na kusimama bila kushika popote. Pale kuna dumu mbili za maji, unazibeba mpaka ukutani na kurudi. Kuna kreti la soda la kupanda na kushuka, kuna ukuta wa kusukuma kama unataka kuuhamisha. Filimbi ikilia unajituma mpaka moyo unagonga kooni. Ikilia tena unapumua, halafu unahamia kituo kingine, na ukimaliza vyote unaambiwa anza upya. Kocha ni muuguzi mstaafu, tunamwita Sajini. Hakupokei mpaka daktari wako aseme unaweza, na kabla ya kuanza anakupima presha. Wiki za mwanzo hakuniruhusu kitu, nilikuwa natembea kuzunguka ukumbi kama mtu aliyepoteza funguo.

Siku aliyoniingiza kwenye vituo nilitapika kwenye ndoo ya kupigia deki. Akanikalisha, akanipima, akaniambia, "Umekwenda kama mtu anayekimbizwa. Kesho nusu yake." Akaniuliza ni nani anayenikimbiza. Nikachukua ndoo nikaenda kuimwaga.

Wenzangu ni wa aina yangu: karani wa mahakama anayehema akitamka jina lake, dereva wa lori ambaye tumbo lake limezoea kuegemea usukani. Tunapiga kelele kwa sababu tunaumia, wifi. Muziki umewekwa ili majirani wasiite polisi.

Ni kwa ajili ya magoti tu. Mtu akizidi umri anatafuta nafuu. Usinifikirie zaidi ya hapo.

Bonge


30 Mei

Wifi,

Nafurahi kwamba magoti yako yanatunzwa.

Hali ya huku: ule mshipa wa mkononi wanaoutumia kwenye mashine uliziba, wakamfungulia mwingine. Mkono umevimba, hakuna shati linalopita, navalisha mtu mzima kama mtoto mchanga. Na jambo jingine. Juzi nilimuuliza anawaza nini, akasema anajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokojoa. Tulicheka sana. Kisha tukaacha kucheka.

Daktari anasema mashine itamweka, ila haitamweka milele.

Pasi


12 Julai

Wifi Pasi,

Pokea mashati mawili. Mkono wa kushoto nimeupasua toka kiwiko mpaka begani na kuutia vifungo, akifika kwenye mashine unafungua vifungo tu, havui. Kitambaa ni pamba iliyokwisha kulainika, haitamkwaruza. Usilipige pasi ya moto sana lile la zambarau.

Sina maneno mengi. Naandika nimesimama.

Bonge


3 Agosti

Wifi,

Leo nusura niunguze shati la mume wangu. Mimi, dobi tangu sijaolewa, nimesimama na pasi mkononi nimeduwaa.

Kitambaa nilikitambua siku ile ile nilipofungua mfuko. Ni lile gauni lako la zambarau ulilovaa kwenye harusi yetu, ambalo mjomba alisema lingefunika gari. Nilichukia. Nikasema, mgonjwa katumiwa nguo kuukuu. Sikukujibu hata asante, na ulinistahi hukuidai.

Leo nimelinyunyizia maji, nikapitisha pasi, na matundu ya sindano yakajitokeza. Fundi akifumua mshono uzi huondoka, lakini matundu hubaki, na mvuke huyafungua. Umelikata shati kwenye ubavu wa gauni. Kuna mstari wa mshono wa zamani. Ndani yake, upana wa kidole, mstari mwingine. Ndani ya huo, mwingine. Nikaendelea kuhesabu mpaka nikakaa chini. Hukulipunguza gauni hili siku moja, wifi. Ulilipunguza, ukalivaa, ukalipunguza tena, na tena. Mwanamke anayetaka kupendeza hushona jipya, hasa akiwa fundi kama wewe. Huyu hapa alikuwa anajipima. Na hakuna anayejipima hivyo kwa ajili ya magoti.

Nikavua aproni nikaenda kwa daktari wa figo nikiwa nanuka sabuni. Nikamuuliza siku ile alikuambia nini. Akasema siri ya mtu haitoi. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema, "Muulize wifi yako kama kweli aliogopa."

Basi nakuuliza. Ulikimbia, au ulikataliwa?

Pasi


15 Agosti

Wifi wangu,

Nilikataliwa.

Aliniambia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mama, figo zako ni nzuri, tatizo ni nyumba zinamokaa. Presha iko juu, sukari imeanza kubisha hodi, na tumbo hili ndilo linaloifungulia mlango. Nikikutoa figo leo, siku moja nitakulaza kwenye mashine hiyo hiyo ya ndugu yako." Nikamuuliza kama hapana yake ni ya leo au ya siku zote. Akasema ya leo. Ndipo nikatoka kununua maji.

Ningemwambiaje mdogo wangu? Kwamba figo lake lipo, zima kabisa, ila limezungukwa na maandazi ya dada yake? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Bora anione mwoga, mwoga anasamehewa. Na ningesema najaribu, angeanza kusubiri, na kila nikimpigia angekuwa anasikiliza pumzi zangu. Nikishindwa, nilitaka nishindwe peke yangu.

Mizani ilinitesa, wifi. Najituma mpaka naona nyota, napanda, ipo pale pale, imekaa kama mimi kwenye cherehani. Sajini akaificha. Akaniambia nitafute kitu kingine cha kujipimia, nikachukua lile gauni. Mizani ilikuwa haijasogea lakini gauni lilianza kunipwaya kiunoni. Presha nayo ikaanza kushuka. Sajini anasema misuli ikiamka inaikamata sukari inayozurura kwenye damu, na moyo unajifunza kusukuma bila kufoka. Mimi najua tu kwamba sikoromi tena. Jirani alikuja kugonga akidhani nimehama. Duka la vitambaa liko ghorofa ya tatu, zamani nilikuwa natuma mtu, sasa napanda mwenyewe huku nabishana bei. Chakula pia nimepunguza, nisikudanganye, filimbi peke yake haitoshi. Maandazi nayasalimia kwa mbali.

Gauni lilipofika pale daktari alipotaka kiuno changu kifike, nikaona limemaliza kazi. Nikamkatia mdogo wangu shati. Sikujua kama ukoo wetu umeoa dobi mpelelezi.

Kipimo cha pili ni mwezi wa kumi na moja. Naogopa, wifi. Kukatwa sikuogopi hata kidogo, naogopa kurudishwa tena. Nakuomba usimwambie. Nakuomba sana.

Bonge


2 Septemba

Wifi yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha mashuka nimefunga mlango. Hata sijui nianzie wapi. Nilikuita mwoga kwa majirani. Nilikuita mcheza dansi. Ningekuwa karibu ningekupigia magoti, na ungeniambia nichuchumae vizuri, mgongo unyooke.

Nataka ujue kitu ambacho sijawahi kukuambia. Tangu nimeolewa nilikuona mtu wa kukaa na kuagiza: leteni chai, leteni mto, leteni mtoto nimwone. Nilijiona mimi ndiye mtu wa kazi kwa kuwa nashinda nimesimama. Basi jana nilipobaki peke yangu nikasema ngoja nijaribu vituo vya wifi. Nikabeba ndoo mbili za mashuka mabichi mpaka ukutani na kurudi. Nikakaa na kusimama kwenye kiti. Nikapanda na kushuka ngazi ya mlangoni. Sikufika mbali, nikalala sakafuni na wembamba wangu huu, moyo unanipigia ngoma, bosi aliporudi akaniuliza nimwagiwe maji? Nikawaza, na yeye alianza amebeba mwili mara mbili ya huu. Kila asubuhi. Na barua zangu za matusi mfukoni.

Ninakuonea fahari. Nalisema wazi kwa sababu nikilificha litanichoma. Sijaona mtu aliyempenda ndugu yake kama wewe, na nimeishi na watu wengi.

Sitamwambia. Itanikaba, lakini sitamwambia. Asubuhi akivaa lile shati la zambarau najifanya natafuta kitu kabatini.

Pasi wako


20 Novemba

Wifi,

Daktari amenipima presha mkono wa kushoto, akanipima wa kulia, akarudi wa kushoto kama mtu asiyeamini macho yake. Damu wamechukua mpaka nikauliza kama wamebakiza ya kunirudisha nyumbani. Kisha akavua miwani.

Nilimwambia kabla hajasema lolote: "Daktari, bado ni mnene." Akasema, "Sikukuagiza uwe mwembamba. Nilikuagiza uwe mzima. Umekuwa." Amenionya kuwa kazi haijaisha, nikirudi kwenye kiti changu kila kitu kitarudi na mimi, na figo nitakalobaki nalo linataka hizo asubuhi za ukumbini maisha yangu yote. Nikamwambia Sajini hataniacha hata nikimwomba.

Amekubali, Pasi. Amekubali!

Wenzangu ukumbini nimewaambia leo kwa mara ya kwanza. Karani wa mahakama amelia kwa sauti, dereva akanibeba juu, akanishusha upesi. Sajini alipiga filimbi akasema turudi vituoni, lakini filimbi yenyewe ilitoka imekwama.

Sasa mwambie mdogo wangu.

Bonge


1 Desemba

Wifi,

Nimemwambia. Amekataa.

Amesema hatakubali dada yake akatwe kwa ajili yake, kwamba amekwisha kuzoea mashine, kwamba wewe umeanza kuwa na afya na yeye hawezi kuja kukupunguzia. Alipandisha sauti mpaka akachoka, akakaa. Nilitaka nibishane, lakini unamjua, ukibishana naye anakuwa ukuta aliojenga mwenyewe.

Nikamvua shati. Nikalilowesha, nikalipiga pasi mbele yake, nikalishika juu ya taa. Nikamwambia, soma. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, taratibu, kama anavyokagua safu ya matofali. Akaenda wa pili. Alipofika wa mwisho akarudi tena wa kwanza. Akaniuliza, "Hii yote ni ya dada? Wakati sisi tunasema amekimbia?" Nikasema ndiyo. Alilia, wifi. Sijamwona akilia tangu msiba wa mama yenu.

Baadaye akafuta uso kwa lile lile shati akasema, "Mwambie aje. Lakini asije mikono mitupu. Aje na yale maji aliyosema anakwenda kununua."

Nakusubiri kituoni. Kitanda chako nimekitandika.

Pasi


14 Januari, wodi ya wanawake

Wifi Pasi,

Nampa muuguzi akuletee karatasi hii, kwa kuwa nimekatazwa kuvuka korido kabla ya kesho. Ubavu unauma nikicheka, kwa hiyo usiniandikie ujinga wako. Muuguzi anashangaa nilivyoinuka kitandani bila kushika popote. Nimemwambia nimefanya kazi hiyo mwaka mzima kwenye kiti cha Sajini.

Hakuna anayenieleza la maana. Wanasema tusubiri. Figo langu limeamka huko au limelala? Niambie ukweli hata kama ni mbaya. Mimi nilifanya niliyoweza, ila nalo linatoka kwa mtu wa kukaa.

Bonge


14 Januari, wodi ya wanaume

Wifi!

Amekojoa.

Amekojoa kwenye mfuko, mbele ya daktari, manesi wawili na mimi, na sote tulikuwa tunautazama ule mfuko kama televisheni. Daktari amepiga makofi. Mume wangu anaomba radhi kila mtu na hakuna anayemsikiliza. Hata sasa naandika haijakatika.

Na sikiliza hili. Wamemwambia sasa anywe maji, anywe mengi, asijibane. Nesi akamletea jagi la hospitali, akalikataa. Amefungua ile chupa yako. Anakunywa anafumba macho, anapumzika, anakunywa tena. Kile kikombe cha mwanasesere nimekitia kwenye mkoba, nitamrudishia mwenyewe.

Pasi


14 Januari, wodi ya wanawake

Wifi,

Mwambie asijivune mbele za watu, nusu ya kazi hiyo ni yangu. Na asiimalize ile chupa, aniachie funda moja.

Kesho asubuhi nitavuka hiyo korido kwa miguu yangu. Usiniwekee kiti.

Bonge